Maji Si Dizeli: Ufafanuzi Kuhusu "Gesi ya Maji"

Ofisi yetu ya kanda imepokea malalamiko ya madereva wa malori, wengi wa njia ya Makambako hadi Tunduma, waliouziwa "kifaa cha gesi ya maji". Muuzaji hutia maji na kostiki soda (kemikali kali inayounguza) ndani ya chombo, huunganisha nyaya kwenye betri, na mapovu hutoka. Mapovu yale ni haidrojeni na oksijeni kweli. Uongo unaanza anaposema lori litapunguza dizeli kwa sababu ya maji.

Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni jivu lake. Kiwandani, kutoa kilo moja ya haidrojeni kwenye maji hula takriban uniti 50 hadi 55 za umeme. Kilo hiyo ikiungua hurudisha joto la uniti 33 hivi. Umeme wa lori unatoka kwenye alteneta (mashine inayochaji betri), alteneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa dizeli; kwa hiyo gesi hiyo hula dizeli zaidi ya inayorudisha. Tumeeleza hili mara nyingi, na bado tunaulizwa kama kuna maji maalumu.

Haidrojeni nyingi duniani haitoki kwenye umeme. Viwanda huchanganya gesi asilia na mvuke, kwa nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi, juu ya nikeli inayoharakisha mchakato. Hutoka haidrojeni na kaboni monoksaidi, kisha kaboni monoksaidi hukutanishwa tena na mvuke ikatoa haidrojeni zaidi na hewa ya ukaa. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hutengeneza amonia, na humo ndimo inamotoka urea ya mkulima wa mahindi wa Mbozi.

Haidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, kwa cheche ndogo mno, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Kifaa kile kinaitoa pamoja na oksijeni yake, chini ya boneti ya moto.

Kuhusu kostiki soda, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura 182, inamtaka anayezalisha, kuingiza, kusafirisha, kuhifadhi au kuuza kemikali awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Leseni ya biashara ya halmashauri si usajili huo. Kuwa na risiti si usajili huo. Kuuza kwa niaba ya ndugu aliyesajiliwa pia si usajili huo. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Uliyekwisha kufunga kifaa, zima injini, subiri ipoe, kisha mwite fundi umeme aondoe nyaya kwenye betri. Maji ya ndani yanaunguza ngozi na macho: yakikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda kituo cha afya. Usiyamwage mtaroni, yafungie kwenye chombo cha plastiki chenye maandishi, mbali na watoto, uyalete ofisini kwetu.