Majimbo manne ya Katanga: mipaka ilichorwa, shaba haikuhama

Nafundisha jiografia ya utawala, na katika mambo yote ya Kongo swali ninaloulizwa kuliko mengine ni hili: ilikuwaje Katanga, jimbo moja tajiri, likazaa majimbo manne, mawili (Haut-Katanga na Lualaba) yakaondoka na fedha na mawili (Haut-Lomami na Tanganyika) yakabaki kusubiri Kinshasa? Wengi hujibu kwa neno moja, siasa. Si uongo. Ila ukiishia hapo hutaelewa kwa nini Kolwezi, makao makuu ya Lualaba, inajengwa usiku na mchana wakati Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, haijabadilika sana.

Tuanze na ardhi yenyewe. Katanga ya zamani ilikuwa na kilomita za mraba karibu 497,000, zaidi ya nusu ya Tanzania nzima. Shaba na kobalti hazikutawanyika humo ovyo. Zimelala kwenye mkanda mmoja unaoanzia Kolwezi, ukapita Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi, kisha ukavuka mpaka na kuingia Zambia. Mkanda huo uko kusini. Ukielekea kaskazini unakutana na bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unatanuka kuwa maziwa na vinamasi vyenye samaki tele. Huko ndiko kitovu cha Waluba, na makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yanaonyesha kwamba watu walikuwa na makazi makubwa hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mashariki liko ziwa Tanganyika na mji wa Kalemie. Mfanyabiashara wa Kigoma anamwona mtu wa Kalemie kama jirani. Mtu wa Lubumbashi anamwona kama mtu wa mbali.

Sasa historia. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa kutoka Unyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya, akauza shaba, pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani zote mbili za bara. Alipigwa risasi na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuanzia 1900 eneo hilo likawa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, chombo chenye sura ya kampuni na mamlaka ya serikali. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga. Reli ikaja kutoka kusini, kupitia Rhodesia, na kufika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1931 njia nyingine ikaunganishwa na bandari ya Lobito, Angola. Kwa hiyo utajiri wa Katanga ulikuwa na milango yake yenyewe ya kutokea, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliohitaji kupita mji mkuu. Lubumbashi na Kinshasa zimetengana kwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na hadi leo malori yenye shaba yanapanga foleni Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, mengi yakielekea Tunduma na bandari ya Dar es Salaam.

Katika mazingira hayo, tangazo la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, la kuitenga na Kongo, tarehe 11 Julai 1960, halikutoka hewani. Lakini watu husahau kwamba kaskazini haikuwa naye. Chama cha Balubakat cha Jason Sendwe kilipinga, na damu nyingi ilimwagika kati ya pande hizo mbili. Mwaka 1962, kabla hata Tshombe hajasalimu amri, serikali kuu ilimega Nord-Katanga kuwa jimbo peke yake. Ni mbinu ya zamani: jimbo likikutisha, likate. Baadaye Mobutu akaunganisha tena, akapunguza idadi ya majimbo nchini kote, na kuanzia 1971 Katanga ikaitwa Shaba hadi alipoanguka mwaka 1997.

Katiba ya 2006 ilirudisha wazo la kugawa. Nchi ilitakiwa kutoka majimbo 11 hadi 26, Kinshasa ikiwemo, ndani ya miezi 36. Miezi hiyo ikapita, na miaka mingine juu yake. Ghafla, mwaka 2015, mambo yakaenda mbio: sheria ilitoka Februari, na kufikia katikati ya mwaka Katanga haikuwepo tena. Ukikumbuka kwamba gavana wake alikuwa Moïse Katumbi, aliyeachana na chama tawala Septemba ya mwaka huohuo, utaelewa kwa nini wengi waliamini kwamba kisu kilinolewa kwa ajili yake. Mimi naona yote mawili ni kweli. Mpango ulikuwepo tangu zamani, ila saa ya kuutekeleza ilichaguliwa.

Jambo linalonishangaza zaidi ni jinsi mistari yenyewe ilivyopatikana. Hakuna aliyekaa akapima nani atapata nini. Zilichukuliwa wilaya za zamani zikapandishwa cheo. Wilaya za Tanganyika na Haut-Lomami zikawa majimbo. Wilaya ya Lualaba na ile ya Kolwezi zikaunganishwa kuwa jimbo la Lualaba. Haut-Katanga ikabaki na Lubumbashi na Likasi. Wilaya ni ngazi ya kumsaidia mkubwa kutawala, haikuundwa ijitegemee. Hivyo Kamina na Kalemie, miji iliyozoea kupokea maelekezo, ikaamka ina gavana, mawaziri na bunge, bila migodi mikubwa ya kulipia mishahara yao.

Katiba iliona tatizo hilo. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yakatwe palepale yanapokusanywa. Ibara ya 181 ikaweka mfuko wa kusawazisha majimbo, unaotakiwa kupewa asilimia 10. Kwenye utekelezaji, fedha zimeendelea kwenda Kinshasa kwanza, kisha kurudi pungufu na kwa kuchelewa. Lubumbashi na Kolwezi zinaweza kuvumilia. Kamina haiwezi.

Kanuni za madini za 2018 ndizo zilizotanua pengo. Mrabaha unaolipwa na migodi unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kila mmoja analipwa kwenye akaunti yake, bila kusubiri hisani ya Kinshasa. Kwa Lualaba hii ilikuwa neema, hasa baada ya kobalti kuwekwa kwenye kundi la madini ya kimkakati na mrabaha wake kupanda hadi asilimia 10. Kwa Haut-Lomami, robo ya kitu kisichokuwepo ni sifuri.

Na usidhani Lualaba nzima imeshiba. Kapanga, nyumbani kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko ndani ya jimbo hilohilo, mbali kaskazini-magharibi. Ile asilimia 15 inaishia Fungurume na kwa majirani wa migodi. Kapanga inategemea bajeti ya jimbo na moyo wa gavana. Naye gavana hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na wabunge wa jimbo, watu wachache wanaoenea kwenye chumba kimoja. Nadhani msomaji anaweza kukisia kampeni za namna hiyo zinavyoendeshwa.

Kuna kichekesho kingine. Lubumbashi, yenye fedha zote hizo, hula bukari, yaani ugali, ya unga wa mahindi wa Zambia, na Zambia ikifunga mpaka wake kwa mahindi, bei hupaa sokoni. Ardhi nzuri ya kulima iko Haut-Lomami, upande wa Kaniama na Kabongo, na reli inapita Kamina. Ila treni ni za kubahatisha na barabara hazipitiki masika. Zamani ungesema ni jimbo moja limeshindwa kujilisha. Siku hizi ni majimbo mawili, kila moja na waziri wake wa kilimo, na barabara inayoyaunganisha ni ya serikali kuu.

Tanganyika huenda ikatoka kwenye kundi la wanaosubiri. Manono, iliyochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, imekutwa na akiba kubwa ya lithiamu, na ugomvi wa leseni zake umefika kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mimi macho yangu yako kwenye njia ya kutokea. Mzigo ukishushwa Kalemie na kuvuka ziwa hadi Kigoma, Kalemie itapata bandari yenye kazi, wachukuzi na ushuru wake. Ukipelekwa kusini kwa malori hadi Lubumbashi, Kalemie itapata mrabaha wa kisheria tu, na biashara inayouzunguka mgodi itafanyika kwa Haut-Katanga.