Kinga na uzee wa nyani: eti bila damu hujui kitu?

Hapa Malindi ukitaja utafiti wa nyani na jamaa zake kama sokwe na kima, watu wanawaza bunduki ya dawa ya usingizi, mnyama chini, daktari na sindano yake, ati bila damu kinga ya mwili haipimiki. Si kweli jamani. Damu inasema mengi, nakubali, lakini ukimpiga dawa akiwa juu ya mti anaweza kuanguka akaumia, na ule woga wenyewe unapandisha kotisoli, homoni ya stresi, sasa hapo unapima afya yake au unapima hofu uliyomtia?

Sokwe wa Kanyawara, Uganda, wanafuatwa alfajiri kwa sababu wakiamka tu wanakojoa, watafiti wanakinga kwa nailoni au wanafyonza matone kwenye majani kwa pipeti. Mkojo huo una neopterini, ambayo seli za kinga zinaitoa zikiamshwa hasa na virusi. Inaharibiwa na mwanga, kwa hiyo kichupa kinafichwa jua halafu friza. Kinyesi nacho kina kingamwili za utumbo na mayai ya minyoo.

Tena kinyesi ndo kilichovunja dhana kubwa. Zamani ilisemwa virusi vya SIV, jamaa wa VVU vya binadamu, haviwadhuru sokwe wa porini, basi Gombe, Tanzania, wakapima kinyesi na mkojo wakajua nani anavyo, na matokeo ya 2009 yakaonyesha walioambukizwa wako kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri huohuo. Mimi hiyo ndo inanigusa zaidi, manake hakuna hata mmoja aliyehitaji kukamatwa.

Neopterini ikiwa juu si kwamba mnyama ni imara! Huenda anapigana na ugonjwa wakati huohuo, ndo maana sampuli moja haitoshi, unamfuata huyohuyo miaka. Na wazee wana mtego wake: kipimo kinasahihishwa kulingana na maji yaliyomo kwenye mkojo, wengi wanagawanya kwa kreatinini, taka ya mwili iliyomo kwenye mkojo, sasa hiyo inatoka kwenye misuli na misuli ya mzee inapungua, usipoangalia utadhani kitu kimepanda kumbe kigawanyio ndo kimeshuka.

Wengine wanasema kotisoli kupanda uzeeni ni shida ya binadamu na maisha ya mjini. Mkojo wa miaka 20 wa Kanyawara umeonyesha sokwe nao inapanda.

Na dume mkuu wa kundi eti anakula raha? Amboseli, wanakofuatilia tangu 1971 nyani wa manjano, aina hiihii ya huku pwani, kinyesi kilionyesha dume wa kwanza kwa cheo ana homoni za stresi nyingi kuliko wa pili wake.

Kima wa Gede tunaowaona kila siku wanaweza kuchunguzwa hivihivi, ila lazima kwanza mtu awatambue mmoja mmoja kwa sura na aanze kuandika nani kazaliwa lini.