Nyumba za moli za London: zilivyoendeshwa na zilivyobomolewa kutoka ndani

Wanaume waliopenda wanaume wenzao katika London ya miaka ya 1720 walikuwa na nyumba zao za kukutania. Habari zake nyingi zimetoka kwenye kumbukumbu za kesi za mahakama ya Old Bailey, na waliozisimulia wengi walikuwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Zisome ukilijua hilo.

Waliitana moli. Nyumba iliyovuma zaidi ni ya Margaret Clap, Mama Clap, huko Field Lane, Holborn. Kila chumba kilikuwa na kitanda, wateja walifika 30 au 40 kwa usiku, na Jumapili ndiyo siku iliyojaa. Vinywaji Mama Clap alitoka kuvifuata mwenyewe. Thomas Wright, fundi wa kuchana sufu aliyekuwa na nyumba kama hiyo Beech Lane, naye alichukua bia kwenye vilabu vya nje na kuiuza kwa faida ndogo. Kwake watu walipiga fidla na kucheza katika chumba kikubwa, na humo mlikuwa na mlango wa kuingilia chumba kidogo chenye kitanda. Kwa Mama Clap chumba cha faragha kilikuwa cha "kuoana", kama walivyosema wenyewe, na mtu aitwaye Eccleston alisimama mlangoni ili waliomo wasibughudhiwe.

Ngome yao hasa ilikuwa kujuana: mgeni aliletwa na mwenyeji. Hapo hapo ndipo walipopigwa. Mark Partridge, mwenzao, aligeuka mpelelezi wa Jumuiya za Kurekebisha Maadili, vikundi vya raia vilivyowasaka waliowaona wapotovu, akawa anawaingiza makonstebo nyumba hadi nyumba. Mmoja alipitishwa kama "mume" wake. Kwa Wright, Novemba 17, 1725, walimpokea kwa matusi, wakamwita msaliti na kuapa kumuua yeyote atakayewauza. Hata hivyo mambo yakatulia, na konstebo aliyekuja naye akabaki pale akitazama. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzito kuliko huo: walikwisha kumshuku, lakini hawakuwa na njia ya kumkana mtu waliyemjua.

Msako ulikuja usiku wa Jumapili moja, Februari 1726, wakakamatwa watu wapatao 40. Lakini kuona watu wakibusiana na kupakatana hakukutosha kumnyonga mtu. Sheria ya ulawiti, iliyotungwa tangu 1533, ilitaka ithibitishwe kwamba tendo lenyewe lilikamilika, na wa kulithibitisha ni aliyeshiriki. Huyo alipatikana kwa urahisi wa kutisha. Thomas Newton alikwenda kumwekea dhamana Mama Clap. Wasakaji wakamwambia kuwa anaweza kutoa habari, naye akakubali. Mei 9, 1726, wakanyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wa London, watu watatu: Wright, muuza maziwa Gabriel Lawrence, na William Griffin, fundi wa viti aliyekuwa mpangaji wa Mama Clap kwa karibu miaka 2. Mama Clap mwenyewe alihukumiwa kufungwa kwenye mkatale, ubao wa kubana shingo na mikono, hadharani Smithfield, faini ya marki 20 (zaidi kidogo ya pauni 13) na kifungo cha miaka 2.

Waliokutania nje hawakuwa salama zaidi. Katika viwanja vya Moorfields kulikuwa na ukuta ambapo mtu aliegemea akasubiri. Anayepita humtazama sana, husimama mbali kidogo kana kwamba anajisaidia, husogea polepole, kisha husema usiku ni mzuri. Newton aliujua mwenendo huo, wakamweka ukutani awe chambo, na William Brown akanasa. Walipomuuliza kwa nini alimshika Newton vile, hakuomba radhi: alidhani anamjua, na haoni kosa mtu kuutumia mwili wake apendavyo. Katika kumbukumbu za mwaka ule, hayo ni kati ya maneno machache ambayo moli anajisemea mwenyewe. Alipewa mkatale pale pale Moorfields, faini ya marki 10 na mwaka 1 gerezani.