Ondansetron ya kuyeyuka huwekwa juu ya ulimi, si chini yake

Bado watu wanaelekezwa kuweka ondansetron ya kuyeyuka, dawa ya kuzuia kutapika, chini ya ulimi "iingie moja kwa moja kwenye damu". Haiingii hivyo! Kidonge hiki husambaratika kwenye mate kwa sekunde chache ili mgonjwa asihitaji maji, basi. Mate yenye dawa humezwa, na dawa hufyonzwa utumbini sawa na ya kidonge cha kawaida. Nafuu isubiri kama nusu saa.

Imani hiyo inaumiza watu. Anayedhani dawa iko kwenye damu tayari akitapika baada ya dakika 5 huhesabu kuwa amekunywa dozi, kumbe huenda imetoka yote. Mwingine asipoona nafuu dakika ya 10 anaongeza cha pili, na sasa ana dozi mbili tumboni. Utaratibu unaotumika sana ni kurudia dozi mara moja akitapika ndani ya dakika 15. Dakika ya 20 je? Hapo hakuna anayejua kwa hakika kiasi kilichobaki. Msimamo wangu: usirudie kabla ya kumuuliza mfamasia au daktari.

Mikono iwe mikavu. Bandua karatasi ya nyuma ya pakiti. Ukikisukuma kwa kidole kinavunjika. Usikitoe mapema, unyevu hukiharibu.

Kwa mtoto mwenye gastroenteritisi (ugonjwa wa tumbo wa kutapika na kuhara), dozi moja hufuata uzito: kilo 8 hadi 15, miligramu 2; zaidi ya kilo 15 hadi 30, miligramu 4. Kidonge cha 4 hakikatiki vizuri, kwa hiyo miligramu 2 ni afadhali zitoke kwenye sirapu. Lakini soma chupa: kuna sirapu yenye miligramu 2 kwa kila mililita 5 na nyingine yenye 4. Ukizichanganya, dozi inakuwa mara mbili au nusu.

Linalosahaulika zaidi ni moyo. Ondansetron huweza kuvuruga mapigo, hasa madini ya potasiamu mwilini yakiwa yameshuka kwa kutapika na kuhara. Kwinini na dawa ya mseto ya malaria nazo hugusa hapo hapo. Usiache mseto, mwambie anayekupa ondansetron kwamba unautumia, na useme kama una tatizo la moyo au ini.

ORS bado inahitajika: ngoja dakika 15 hadi 30 baada ya dawa, kisha mpe mtoto kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Matapishi ya kijani au yenye damu, au tumbo lililovimba, ni ya hospitali mara moja. Dawa hii inaweza kuficha utumbo ulioziba.