Taa za rangi kwenye gari la zamani: dhana potofu na ukweli wake

Malalamiko ya wenye Corolla, Carina na Mark II za zamani hapa Dodoma hufanana: usiku taa za mbele hazifiki mbali, na dereva akipishana na lori kwenye barabara ya Morogoro hubaki akikisia ukingo wa lami uko wapi. Ushauri anaoupata upesi ni kufunga balbu za rangi, mara nyingi zile nyeupe zinazoelekea bluu, na ushauri huo huambatana na maelezo ambayo ama ni nusu ya ukweli ama si kweli hata kidogo.

Dhana: Kelvini zikiwa nyingi, mwanga ni mwingi

Namba kama 6000K au 8000K iliyoandikwa kwenye boksi haipimi wingi wa mwanga bali inaeleza rangi yake. Balbu ya kawaida ya halojeni hutoa mwanga wa takriban Kelvini 3,200, wenye umanjano kidogo. Kwenye 6,000 mwanga huwa mweupe wenye ubluu, na ukipanda hadi 10,000 huwa bluu iliyokolea. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Tena balbu ya halojeni ya bluu huipata rangi yake kwa kupakwa utando kwenye kioo, na kazi ya utando huo ni kuzuia sehemu ya mwanga mwekundu na wa njano usitoke, kwa hiyo mnunuzi hulipia zaidi ili apate mwanga pungufu. Anayeziona kali ni yule anayezitazama kwa mbele, si anayeendesha, na pengine ndiyo sababu husifiwa zaidi na waliosimama kando ya barabara.

Dhana: taa zikififia, dawa ni balbu yenye nguvu zaidi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa kwenye gari la zamani balbu huwa ya mwisho katika orodha ya watuhumiwa. Wa kwanza ni kifuniko cha taa. Kama ni cha plastiki ya polikaboneti, jua hukichoma hadi kikawa na ukungu wa njano, na Dodoma ina jua la kutosha: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupitisha karibu nusu ya mwaka bila mvua ya maana, huku vumbi likikwangua kila siku. (Magari ya zamani zaidi yana vioo halisi, ambavyo havipati ugonjwa huu.) Kusugua kwa dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi tu. Kazi inayodumu ni ya msasa wa maji, kuanzia wenye chembe kubwa kidogo hadi laini kabisa, kisha kupaka vanishi inayozuia miale ya jua, kwa sababu msasa huondoa hata ile kinga kidogo iliyosalia.

Mtuhumiwa wa pili ni umeme wenyewe. Mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwaka, fundi umeme apime betri, kisha apime nyuma ya soketi ya taa. Betri ikisoma 13.8 na soketi 12.4, asilimia 10 imeishia njiani, kwenye swichi iliyochoka, viungio vyenye kutu, au waya hasi uliofungwa kwenye bodi juu ya rangi na vumbi. Tiba yake ni kusafisha viungio hivyo, na ikibidi kufunga relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) yenye waya mnene na fyuzi yake kutoka kwenye betri.

Ukiruka hatua hiyo na kufunga balbu ya wati 100 mahali palipotengenezwa kwa wati 60, mkondo hupanda kutoka ampea 5 hadi zaidi ya 8 kwa kila taa, kwenye waya zilezile zilizokwisha kulemewa. Chomoa soketi ya gari lililotumia balbu hizo kwa miezi kadhaa: plastiki imegeuka kahawia, mdomo umejikunja kwa joto, na moja ya ncha za shaba imelegea kiasi cha kutoka na balbu.

Dhana: LED au zenoni hufaa kwenye taa yoyote, mradi iingie

Kuingia si kufaa. Rifleka, yaani bakuli linalong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele, ya taa ya halojeni ilichongwa kwa kufuata mahali hasa uzi wa balbu ulipo, na kwenye balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili, wa mwanga mkali na wa mwanga hafifu, kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa mwanga hafifu ili mwanga usipande juu. Cheche ya zenoni au vipande vya LED vikikaa milimita chache nje ya mahali hapo, mwanga husambaa ovyo. Lumeni zinaweza kuwa nyingi kweli, lakini nyingi kati yake huishia machoni mwa anayekuja.

Dhana: mwanga wa njano hupenya ukungu na vumbi

Ufaransa iliyalazimisha magari yake kutumia taa za njano hadi 1993, na imani hii ina wafuasi kila mahali. Hata hivyo matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Hutawanya zote karibu sawasawa. Faida ya njano ni kupunguza ile bluu inayoyachosha macho. Kwenye barabara za vumbi za Bahi na Chamwino, kinachosaidia zaidi ni taa zilizofungwa chini, zenye mwanga mpana usiopanda.

Dhana: rangi ni hiari ya mwenye gari

Mkataba wa Vienna wa 1968 unataka taa kubwa za mbele ziwe nyeupe au njano maalumu, na unakataza nyekundu kuelekea mbele. Bluu na nyekundu mbele ya gari binafsi huwachanganya wengine kuhusu ni chombo gani kinakuja.

Dhana: taa mpya ikishafungwa, kazi imekwisha

Taa iliyotengenezewa nchi zinazoendesha kulia hunyanyua mwanga upande wa kulia, na hapa kwetu kulia ndiko kuna dereva mwenzako. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha ni ya magari yanayopita kushoto. Baada ya kuifunga, simamisha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva, mita 5 kutoka ukutani. Washa mwanga hafifu: mstari wake wa juu ukae sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa, nao unyanyuke upande wa kushoto tu. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa, na kwenye magari mengi ya zamani huwa zimeganda, hivyo zipakwe mafuta ya kulainisha kutu kabla ya kulazimishwa, maana kishikio chake cha plastiki kikivunjika taa haitulii tena.