Njumu za buti za jeshi, zilikuwa za nini hasa?

Ukisema njumu leo kila mtu anawaza viatu vya mpira. Hapa naongelea njumu za buti za wanajeshi wa zamani, ile misumari mifupi yenye kichwa kinene iliyogongwa chini ya soli, kichwa kinabaki nje ndo kinakanyaga ardhi.

Wengi wanadhani iliwekwa ili askari akikupiga teke uipate. Hapana bwana, sababu ni ya kifundi viatu tu. Soli ilikuwa ya ngozi, na ngozi ukiitembeza kwenye kokoto siku nzima, mgongoni una mzigo, inaisha haraka sana, sasa fikiria jeshi zima linataka soli mpya kila saa. Kwahiyo chuma ndo kinalika badala ya ngozi, msumari ukiisha unagongwa mwingine, yani ni akili ileile ya kumpigilia farasi vyuma kwatoni. Faida nyingine ni kushika kwenye tope na majani. Vita vya pili vya dunia buti za Waingereza kwa kawaida zilikuwa na njumu 13 kila soli, na kisiginoni chuma kilichopinda kama cha farasi. Wajerumani wao waliweka nyingi zaidi, kama 35 mpaka 45.

Shida sasa. Kwanza kelele, usiku kwenye barabara ya mawe adui anakusikia kabla hujamuona, ndo maana makomando wakapewa raba. Pili baridi! Chuma kinapitisha baridi moja kwa moja mpaka unyayoni, na Wajerumani walilijua hilo vizuri kule Urusi majira ya baridi ya 1941, vidole vinaganda mpaka vinakatwa, wakati Warusi wengi wana buti zao za sufi nzito zisizo na msumari hata mmoja.

Tatu kuteleza, na hii ni ya kale mno manake hata Warumi walivaa viatu vya misumari. Mwanahistoria Josephus anasimulia habari ya akida mmoja anaitwa Julianus, mwaka 70 pale hekaluni Yerusalemu, jamaa kawafukuza maadui peke yake wanakimbia hovyo, mara kakanyaga sakafu ya mawe laini misumari ikateleza akaanguka chini kwa kishindo, waliokuwa wanakimbia wakageuka wakamzunguka wakamuua. Shujaa kamalizwa na viatu vyake mwenyewe.

Kilichoziondoa ni raba. Mwaka 1937 Vitale Bramani, Muitaliano mpanda milima, alitoa soli ya raba yenye meno yake yenyewe, inashika mwamba na haipigi kelele. Waingereza hata hivyo waliendelea na misumari mpaka miaka ya 1950 mwishoni, na walinzi wao wa kifalme kwenye gwaride bado wanavaa buti za vyuma, kwasababu kwata bila ule mlio wa kwa! kwa! inakuwa kama watu wanatembea tu.