Mtaala wa elimu maalumu hautengenezwi kwa kufuta mada

Walimu wenzangu, kuna kauli ambayo haikosekani kwenye vikao vya kupitia mihtasari ya masomo, na majuzi nimeisikia tena kutoka kwa mtu mwenye cheo: "Hawa wa kitengo cha elimu maalumu wachukulieni muhtasari wa kawaida, futeni mada ngumu, yatosha." Watu wakatikisa vichwa kukubali, tukahamia ajenda inayofuata. Mimi sikuhama, na naona ni heri niandike.

Kwanza, "hawa" ni akina nani? Ndani ya kitengo kimoja cha shule ya msingi utamkuta asiyeona, kiziwi, mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, na yule mwenye utindio wa ubongo anayeelewa somo kuliko nusu ya darasa ila vidole vinakataa kushika kalamu. Huyu wa mwisho anahitaji kiti kinachomshika mgongo, muda, na namna ya kujibu bila kuandika. Mada hazijamkosea chochote. Ukimfutia, umemnyima elimu kwa sababu ya kalamu.

Asiyeona ndiye anayeonyesha wazi zaidi jinsi kauli hiyo ilivyo kinyume. Mtaala wake unatakiwa kuwa mkubwa kuliko wa wenzake. Mwaka 1996 Phil Hatlen, mtaalamu wa elimu ya wasioona wa Marekani, alieleza mambo ambayo mtoto asiyeona lazima afundishwe juu ya masomo ya kawaida, na siku hizi yanapangwa katika maeneo tisa: nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) na njia nyingine za kusoma na kuwasiliana, kujua mahali alipo na kutembea kwa fimbo nyeupe, kujihudumia, kutumia vifaa saidizi, kuishi na watu, burudani, maandalizi ya kazi, kutumia vizuri hisi alizonazo, na kujiamulia mambo. Mwenye macho, mengi kati ya hayo anayaokota kwa kutazama tu. Anamwona mama anavyochambua mchele, anawaona watu wanavyopanga foleni. Asiyeona asipofundishwa hayapati, na yasipokuwa na kipindi hakuna mwalimu atakayeyafundisha.

Sasa njoo kwenye hizo "mada ngumu". Chukua 47 kujumlisha 38. Muhtasari unataka kujumlisha kwa kubadili, namba zikiwa zimepangwa wima. Mwenye macho anaanzia kulia: 7 na 8 ni 15, anaandika 5, moja anaipeleka kwenye makumi, kazi imekwisha. Mkalishe asiyeona mbele ya Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu. Kwanza ahesabu nafasi ili 8 ikae chini ya 7 sawasawa. Akishaandika 5 ya mamoja, kichwa cha mashine kimesogea chenyewe kwenda kulia, kwa hiyo ili aandike makumi lazima abonyeze kitufe cha kurudi nyuma mara mbili. Ile moja ya kubadili anaitunza kichwani. Akitaka kuhakikisha alichoandika, anaondoa mikono kwenye vitufe na kupapasa karatasi, kisha anatafuta upya alipokuwa. Ikija kutoa kwa kubadili kwa tarakimu tatu, ambako sisi hukata namba na kuandika nyingine juu yake, mashine haina pa kukata wala pa kuandika juu.

Mwalimu anamwangalia mtoto akihangaika hivyo dakika kumi, anahitimisha kwamba hesabu hizi hazimfai, anazifuta. Lakini mtoto huyohuyo ukimfundisha kuanzia kushoto, 40 na 30 ni 70, 7 na 8 ni 15, jumla 85, atakujibu kabla jirani yake hajachonga penseli. Au mpe abakasi yenye kitambaa nyuma ya shanga ili zisiteleze akizigusa. Umahiri unabaki uleule wa darasa zima, na kinachobadilishwa ni njia ya kuufikia. Hii ndiyo kazi ya mtu wa mtaala, na inachukua muda kwa sababu lazima uketi na Perkins mwenyewe, ufanye swali kwa swali, uone linakokwama.

Wenzetu wa mitihani hilo wamelielewa. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Maana yake wamekubali kwamba Hisabati inamgharimu mtoto huyu muda zaidi kuliko Kiswahili. Halafu fungua azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha mada: kipindi ni dakika zilezile kwa wote, mada ni wiki zilezile kwa wote. Muda anaupata siku ya mtihani, siku ya kufundishwa haupo.

Kwa kiziwi tunakosea mahali pengine kabisa. Kusoma kwetu kumejengwa juu ya sikio. Darasa la Kwanza wanaimba ba, be, bi, bo, bu. Mtoto anayesikia anaunganisha ba na ba, anajisikia akitamka, na neno analolijua tangu anatambaa linamjia. Kiziwi anaunganisha silabi zilezile, na upande wa pili hakuna neno linalomsubiri. Viziwi wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya alama, kwa hiyo wengi wanafika shuleni wakiwa hawana lugha yoyote iliyokamilika. Tunawapeleka moja kwa moja kwenye silabi, wanashindwa, tunasema punguza mada za Kiswahili. Mwalimu yeyote wa viziwi anayajua madaftari ya Darasa la Nne yenye mwandiko mzuri kuliko yote shuleni, yaliyonakiliwa ubaoni neno kwa neno, na mwenye daftari haelewi hata mstari.

Huyo anatakiwa kuongezewa lugha, tena mwanzoni. Lugha ya alama iwe na vipindi vyake, iwe na hadithi, utani na ugomvi, na iongozwe na kiziwi mtu mzima anayeitumia kila siku. Kusoma kuje juu yake: alama, picha, neno zima, tahajia ya vidole. Na sarufi ifundishwe kwa macho wazi. Neno kama "nimekupikia" limebeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo, vyote vimebanwa pamoja, na vipande hivyo vinahitaji kufumuliwa kwake kimojakimoja. Hilo ni somo zima ambalo muhtasari wa kawaida hauna, kwa kuwa anayesikia hakulihitaji.

Nimefika kwa wenye ulemavu wa akili, na hapa ndipo watu wanaposema, "Kwa hao angalau kupunguza ni sawa." Si sawa. Kufuta mada za Darasa la Tano mpaka ubaki na za awali kunakupa kijana wa miaka 14 anayepaka rangi bata. Ana ndevu zinaanza, anataka kuheshimiwa, na sisi tunampigia makofi kwa wimbo wa watoto wa miaka minne. Kasi yake ya kujifunza ikiwa ndogo, umri wake bado unakwenda.

Tuchukue mada ya Fedha. Muhtasari uliopunguzwa unasema atambue sarafu, achore sarafu, ajumlishe zisizozidi 20. Mwaka unaisha anachora duara zenye namba, na dukani hajawahi kutumwa. Ukianza na duka mambo yanabadilika. Ili anunue sabuni, anahitaji kufika, kusubiri zamu, kusema au kuonyesha picha ya anachotaka, kutoa noti, kusubiri chenji, kuipokea, kuitia mfukoni. Kutoa kwa kubadili hakumo. Kuhusu noti, anafundishwa kanuni moja: sikiliza elfu ngapi, toa hizo, ongeza noti moja ya elfu. Bei ni elfu moja na mia tatu, anatoa noti moja kisha moja zaidi. Bei ni mia nane, hakuna elfu iliyotajwa, anatoa moja. Bei ikiwa elfu mbili kamili atatoa tatu, atarudishiwa moja, hakuna kilichoharibika. Mtoto asiyejua kutoa 1,300 kwenye 2,000 ananunua sabuni mwenyewe.

Na ufundishe kuanzia mwisho. Mwanzoni mwalimu anafanya yote, mwanafunzi anapokea chenji na kuitia mfukoni tu. Hiyo ikikaa, anaongezewa kusubiri chenji, kisha kutoa noti, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka siku anayotoka shuleni peke yake. Sababu ni mbili. Kila mara anamaliza kazi, haachi katikati. Na hatua inayowashinda wengi ni hiyo ya kusubiri: wakishashika sabuni wanaondoka na chenji wanaiacha. Ukianza mwanzo, hapo utapafika ukiwa umechoka, na yeye pia.

Kenya walipoandika mfumo wa mtaala wao wa mwaka 2017 waliweka njia mbili: moja ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida ukirekebishwa, na nyingine inayokwenda kwa hatua, kutoka msingi, kati, maandalizi ya ufundi hadi ufundi, bila kufungwa na madarasa. Naupenda mpangilio huo kwa sababu unalazimisha kuuliza kijana atafanya nini akitoka. Ninachouhofia ni mlango wa kuingilia. Mtoto akipangwa vibaya akiwa na miaka saba, nani atamrudisha njia ya kwanza?

Yapo ambayo vitabu vya vyuo vinayapita kimyakimya. Yule kijana tunayemfundisha kununua hawezi kukagua chenji, na mwenye duka si lazima awe mwaminifu. Mpaka sasa sijapata njia nzuri kuliko kumzoesha duka moja ambalo familia inalijua. Malipo ya simu yameongeza tatizo: namba ya siri ukimpa mwangalizi, umemkabidhi na fedha. La pili, ni lini mwalimu aache silabi na mwanafunzi ambaye ameshinda nazo miaka mingi? Mimi huhamia maneno ya kuishi nayo, jina lake, HATARI, CHOO, jina la kituo anachoshukia, lakini sifungi kusoma moja kwa moja, kwani wapo walioanza kusoma wakati walimu tumeshakata tamaa. Mwenzangu ninayemheshimu sana anasema namchosha mtoto bure. Huenda yuko sahihi kwa baadhi yao.

Gumu kuliko yote ni muda. Nimesema asiyeona ana masomo yote na mengine juu yake, na ratiba ni ileile. Shule za bweni zinaziba pengo jioni na Jumamosi, na matokeo yake mtoto hachezi. Mimi ningeongeza mwaka mzima kabla ya Darasa la Kwanza, wa nukta nundu, fimbo na kujihudumia, ili akianza asome mwenyewe. Wazazi wanahofia atamaliza akiwa mkubwa kuliko wenzake, na ni kweli atakuwa mkubwa kwa mwaka mmoja. Nikiambiwa mwaka huo hauna fedha, naelewa, tuupeleke kwenye bajeti tuupiganie huko. Kinachonikera ni ukosefu wa fedha kuandikwa ndani ya muhtasari kana kwamba ni ukosefu wa uwezo wa mtoto.